Nafasi ya Baba Katika Daftari la Ubatizo

Sheria iliyomfunga binti yangu niliiandika mwenyewe, mwaka 2006, kwa mwandiko wangu mzuri wa ualimu, nikaipigia mstari kwa rula. Wakati ule nilikuwa katibu wa wazee wa kanisa katika mtaa wetu, huku juu Meru ambako migomba ya mwisho inapakana na msitu. Bado ni katibu mpaka leo, kwa sababu hakuna mwingine anayetaka kuandika. Sheria inasema kwamba binti atakayezaa nje ya ndoa atatengwa na Meza ya Bwana. Siku ya kurudi kundini atasimama mbele ya watu wote, na jina la baba wa mtoto litatajwa hadharani kabla mtoto hajabatizwa.

Nia yangu ilikuwa kuwakamata wanaume. Nilikuwa nimechoka kuona wasichana wakipiga magoti peke yao, utadhani walijipa mimba kwa kula maparachichi mabichi. Nikasema, haya, na hawa mabwana watajwe, waone haya kidogo. Kwa miaka kumi na tisa wasichana wamesimama, wamelia, wametaja. Wanaume waliokuja kusimama nao ni wawili tu, na mmoja wao alidhani ni mkutano wa maji.

Mwaka huu ikawa zamu ya Lydia, binti yangu wa mwisho.

Lydia alikuwa akifanya kazi Njiro, mjini Arusha, katika ofisi ya Injinia Godwin. Huyu Godwin ni mtoto wa mlima huuhuu, aliyeshuka mjini akafanikiwa, akajenga nyumba ya ghorofa nyuma ya ukuta mrefu, na kila Krismasi hupanda na gari lake kuja kusali nasi. Ndiye aliyeweka jiwe la msingi la kanisa letu. Jina lake limechongwa pale mlangoni kwa herufi kubwa kuliko za msalaba. Na ndiye baba wa mjukuu wangu. Lydia alipomwambia, alimpa namba ya simu ya daktari fulani na kumtakia maisha mema.

Binti yangu hakumpigia daktari. Alirudi nyumbani Januari na begi moja, akajifungua Juni mtoto wa kiume mwenye sauti ya kwaya nzima. Jina la baba aliniambia mimi peke yangu, baada ya kuniapisha.

"Sitamtaja, Mama," alisema. "Nikimtaja mtamwandika. Jina lake lipo ukutani tayari, linamtosha. Sitaki liwepo na kwa mwanangu."

"Sheria inataka jina."

"Najua. Nani asiyejua aliyeiandika?"

Halafu akaniambia jambo lililoninyima raha tangu siku hiyo. Alisema atamleta mtoto abatizwe Krismasi, mara moja tu. Akikataliwa atafunga begi lake, na hatakanyaga tena hapa, yeye wala mwanawe. Na Lydia akisema kitu huwa amekwisha kukifanya kichwani. Mimi nilitaka mjukuu wangu abatizwe, na nilitaka binti yangu abaki nyumbani. Vyote viwili vilikuwa vimekwama kwenye mstari mmoja niliouandika mwenyewe kwa rula.

Mambo yalikuwa hivyo tulipofika Majilio, majuma ya kungoja Krismasi, na wazee wakaandaa semina. Somo lilikuwa kuzaliwa kwa Bikira. Mfundishaji alikuwa mchungaji wetu mpya, Naserian, mwanamke wa Kiarusha kutoka Terrat, kule chini nyikani kwa wasemao Kimaasai, mrefu, mpole, na mwenye tabia ya kukaa kimya mpaka mtu aone aibu kwa alichosema. Wazee walikuwa bado hawajamzoea. Mwenyekiti wetu, Mzee Elimringi, alikuwa akimwita "Mchungaji" kwa sauti ya mtu anayejaribu kiatu kipya.

Naserian aliuliza kama kuna anayeweza kueleza maana ya fundisho lile kwa maneno yake mwenyewe. Elimringi akasimama, akakohoa.

"Mchungaji, hili jambo vijana wanaliona gumu, lakini sisi wafugaji tumeshalielewa. Mimi nina ng'ombe wangu, anaitwa Malkia. Tangu nimnunue akiwa ndama hajatoka bandani. Dume hajamwona kwa macho. Na amezaa mara nne."

Watu wakaguna kwa kuridhika. Huku kwetu kila mtu anafuga ng'ombe wa maziwa bandani, na dume hana kwao. Ng'ombe akiwa kwenye joto unampigia simu Sifaeli, mhimilishaji, naye anapanda na pikipiki na mtungi wake wenye baridi ya kutisha. Ndani yake mna mirija myembamba, na ndani ya mirija mna mbegu za madume ambao hatutawaona kamwe. Miezi tisa baadaye unapata ndama. Kwa hiyo mfano wa mzee uliwaingia. Mama mmoja alisema amina.

Naserian alingoja amina iishe.

"Mzee," akasema, "lakini dume yupo."

"Hayupo! Hajakanyaga kwangu!"

"Yupo kwenye mrija. Ana jina, ana namba, na Sifaeli anakuachia kadi. Si kweli?"

Ilikuwa kweli. Elimringi huzitundika zile kadi sebuleni, karibu na picha ya harusi yake. Alibaki amesimama, akatafuta pa kuweka mikono.

"Sasa," akasema Naserian, "ukilifanya fundisho hili kuwa habari ya mbegu zilipitia wapi, umelikosa. Na ukilifanya kuwa cheti cha Maria cha tabia njema, umelikosa vilevile. Tunakiri kila Jumapili kwamba alizaliwa na Bikira, na tunachokiri ni jambo la Mungu zaidi kuliko la Maria. Ni kwamba wokovu haukutoka kwenye nguvu za mwanamume yeyote. Haukutoka kwenye ukoo, wala mali, wala cheo. Mungu alianza upya, kama alivyoumba mwanzo pasipo kitu, na hakuna bwana hata mmoja anayeweza kusimama akasema, huyu ni kazi yangu."

"Na Yusufu?" akauliza Elimringi. Alikuwa anaumia kwa niaba ya Yusufu, ungeona. "Yeye aliachiwa nini?"

"Kutoa jina. Kwetu chini, mtoto aliyezaliwa bomani ni wa boma. Hatuzunguki tukitafuta mwanzo wake. Mwenye boma akimpa jina, yamekwisha. Yusufu aliambiwa ampe mtoto jina, akampa. Na kwa jina hilo, mtoto akahesabiwa wa nyumba ya Daudi."

"Hayo ni ya Wamaasai," alinong'ona mtu nyuma. Elimringi akashukuru, akafunga semina kwa sala ndefu. Mimi nikaandika kwenye kumbukumbu kwamba mjadala ulikuwa mzuri.

Wiki hiyohiyo niliwasilisha ombi kwa wazee. Niliomba mtoto wa Lydia abatizwe bila baba kutajwa. Nilitumia maneno ya Mchungaji. Nilisema mwezi huu mzima tunaimba habari za binti aliyepata mimba kabla ya harusi, tumewatengenezea na watoto mabawa ya malaika, halafu tunamfungia mlango binti mwingine aliyeko kiti cha nyuma.

Elimringi alinisikiliza mpaka mwisho. Simchukii Elimringi, nataka ijulikane. Alinibebea jeneza la mume wangu.

"Mwalimu," akasema, "Lydia si Bikira Maria."

"Sijasema hivyo."

"Basi. Hata ndama wa Malkia ana kadi yenye jina la baba yake. Mtoto wa Mkristo akose? Na sheria hii uliitetea wewe. Nakumbuka ulipiga meza."

Ni kweli nilipiga meza. Naserian alinitazama kwa huruma, akasema sheria za mtaa ni za wazee kutunga na kufuta, ila yeye hatamfukuza mtoto atakayeletwa kwenye maji. Wazee wakapiga kura. Sheria ikabaki. Mkono ulioinuliwa upande wangu ulikuwa wangu peke yake, na mkono wa pili ulikuwa unaandika matokeo.

Nilipofika nyumbani nilimkuta Sifaeli bandani. Ng'ombe wangu alikuwa kwenye joto, na Lydia ndiye aliyempigia simu. Sifaeli ni mtu wa miaka thelathini na minne, mabega mapana, maneno machache. Baba yake, marehemu mzee Sumari, rafiki wa Elimringi, alikuwa mpole vivyo hivyo. Kabla Lydia hajaenda Njiro, Sifaeli alikuwa akija kumkagua ng'ombe wangu mara nyingi kuliko ng'ombe alivyohitaji. Nilijua, nikanyamaza, maana mtu akikukagulia ng'ombe bure humkatazi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umemaliza?"

"Nimemaliza." Alikuwa anajaza kadi, ameiweka juu ya mtungi. Aliandika jina la dume, namba, tarehe, kisha akaweka sahihi yake kwenye nafasi ya mtaalamu, kule chini, pembeni. "Kazi ya ajabu hii," akasema. "Nusu ya ndama wa mlima huu wamepita mikononi mwangu, na kila mara naandika jina la mwingine."

Lydia alikuwa mlangoni mwa banda, mtoto mgongoni. Nadhani walikuwa wameshazungumza kabla sijafika, kwa sababu Sifaeli hakuzunguka.

"Mwalimu, nimemwomba Lydia anioe. Yaani, nimemwomba nimuoe." Alifuta paji la uso kwa mkono usiofaa kabisa kufutia uso. "Hajanijibu."

"Sitaki kuhurumiwa," alisema Lydia.

"Sijaja kuhurumia. Nimekuja kuomba. Nilitaka kuomba kabla hujaenda mjini, nikachelewa."

"Huyu si wako."

"Najua si wangu. Nimeuliza kama anaweza kuwa."

Lydia alimtazama muda mrefu. Mtoto alikuwa anatafuna ncha ya kanga.

"Mimi si Maria, Sifaeli," akasema. "Hakuna malaika aliyekuja kwangu. Najua siku, najua ofisi, najua hata rangi ya zulia. Usije kanisani ukasema uongo kwa ajili yangu, ukajifanya ni wewe. Sitasimama karibu na uongo mwingine."

"Sitasema uongo," alisema Sifaeli. Akafunga mtungi wake, akaondoka, na mimi nikabaki nimeshika kadi ya ng'ombe.

Krismasi ilikuja na mvua. Kanisa lilijaa mpaka madirishani, makoti yenye unyevu, watoto wenye mabawa ya karatasi yaliyoanza kulowana. Mbele kabisa, kiti cha wageni, aliketi Injinia Godwin na mkewe. Walikuwa wamependeza. Alipopita mlangoni aligusa jiwe lake kwa vidole viwili, kama afanyavyo kila mwaka, kuhakikisha bado lipo.

Maria wa igizo alikuwa binti wa miaka kumi na mitano kutoka darasa la kipaimara. Akina mama wa kwaya walikuwa wamemfunga mto tumboni chini ya kanzu, na mto ulikuwa ukishuka, naye akiupandisha kwa heshima. Watu walitokwa na machozi kwa ule mto. Lydia aliwatazama akiwa kiti cha nyuma cha waliotengwa, na mwanawe mapajani.

Baada ya mahubiri Elimringi akamwita mbele.

Nilikuwa mezani pangu kando ya madhabahu, daftari la ubatizo limefunguliwa. Jina la mtoto, wazi. Tarehe ya kuzaliwa nilishaandika. Mama, nilishaandika. Baba, wazi. Sijawahi kuuchukia mwandiko wangu kama siku ile.

Lydia aliomba msamaha kwa usharika kwa maneno yaleyale ambayo kila msichana huyasema, kwa sababu niliyaandika mimi. Alisema vizuri, bila kulia. Elimringi akaitika kwa niaba ya kanisa kwamba amesamehewa. Kisha akakohoa.

"Sasa utuambie, binti yetu. Jina la baba wa mtoto."

Lydia akanyamaza. Mvua ilisikika juu ya bati. Godwin aliinama kwenye kitabu chake cha nyimbo, akatafuta wimbo ambao haukuwa umetangazwa. Alitafuta kwa bidii. Nilimwona anarudi kurasa zilezile.

"Binti yetu, tunasubiri jina."

"Mzee, jina ninalo mimi."

Sifaeli alikuwa amesimama upande wa wanaume. Alikuwa amevaa koti la baba yake, lililokuwa fupi mikononi, na chini yake buti za mpira, kwa sababu ng'ombe hawana Krismasi. Akaja mpaka mbele, akaacha nyayo za matope kwenye zulia jekundu.

"Mtoto anaitwa Sumari," akasema.

Kanisa zima likavuta pumzi. Huku kwetu jina la babu halichezewi. Mwanamume hulipa mtoto wake wa kwanza wa kiume jina la baba yake mwenyewe, na akishalitoa limetoka. Hana jingine la kumpa atakayefuata. Mama yake Sifaeli, mjane wa Sumari, alikuwa amekaa safu ya tatu. Alijifunika uso kwa kitenge.

Elimringi alichanganyikiwa. "Kwa hiyo unakiri kwamba wewe ndiye uliye..."

"Sijakiri hilo, mzee. Mngeniuliza hilo ningewajibu ukweli, na ukweli ni hapana. Ninyi mmeuliza jina. Mimi nimempa la baba yangu. Kuanzia leo, anayetaka kujua baba wa mtoto huyu ni nani, aje aniulize mimi."

Elimringi alinigeukia. "Mwalimu. Sheria inasemaje?"

Nilisimama. Sikuhitaji kufungua kitabu. "Sheria inasema jina la baba litajwe hadharani," nikasema. "Limetajwa. Mmesikia wote."

"Lakini maana yake ilikuwa..."

"Maana yake niliiweka mimi, Mzee Elimringi. Nilitaka siku moja mwanamume asimame hapa mbele akijua amekuja kufanya nini. Nimengoja miaka kumi na tisa. Usiniharibie."

Mtu akacheka nyuma, kisha wengi. Elimringi akatazama kanisa, akatazama buti za Sifaeli, akatazama koti la rafiki yake marehemu. Akarudi kitini pake.

"Bado," alisema Naserian. Tulidhani na yeye anapinga. Alishuka kutoka madhabahuni, akasimama mbele ya binti yangu. "Lydia, wanaume wameshazungumza. Hata malaika alileta habari, kisha akangoja jibu la msichana. Unakubali?"

Lydia alimtazama Sifaeli, kwanza buti, kisha mikono ya koti, kisha uso.

"Hajadanganya," akasema. "Nakubali."

Vigelegele vilivyopigwa vilimwamsha mtoto, naye akapiga vyake. Alibatizwa akiwa analia, maji yakamwingia sikioni, akaitwa Sumari kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Mimi nililia kwenye daftari. Doa lipo mpaka leo, karibu na tarehe.

Elimringi, ambaye hawezi kuacha ibada iishe bila mgeni kusalimia, akamkaribisha Injinia Godwin aseme neno. Godwin alisimama. Rangi ilikuwa imemrudia. Alisema ameguswa sana. Alisema taifa linahitaji vijana wanaowajibika kama huyu, wasiokimbia majukumu yao, na kwamba wazazi tuwalee watoto wa kiume katika misingi hiyo. Makofi yakapigwa. Mkewe alipiga kuliko wote, masikini. Lydia alikuwa akimfunga mtoto nepi, na hakuinua kichwa. Mimi ni katibu, kwa hiyo niliyaandika maneno yote ya Injinia kama alivyoyasema, neno kwa neno, na jina lake kamili, na tarehe. Siku mtu akija kuyasoma, yatakuwepo.

Watu walipotoka kula pilau, Sifaeli alibaki. Alikuja mezani pangu, anazungusha kofia ya pikipiki mikononi.

"Mwalimu, naweza kuona?"

Nikamgeuzia daftari. Mtoto: Sumari. Mama: Lydia. Baba: Sifaeli. Akasoma polepole, kisha akaweka kidole kando ya ile nafasi ya tatu bila kuigusa, maana wino ulikuwa haujakauka.

"Umeniandika hapa juu," akasema.

"Ulitaka nikuandike wapi?"

Alitazama chini ya ukurasa, pembeni, mahali ambapo kwenye kadi zake huweka sahihi ya mtaalamu. Palikuwa patupu. Akafuta macho kwa mkono wa koti la baba yake, na simu yake ikaita mfukoni, akaipokea. Ilikuwa sauti ya Mzee Elimringi, nami niliisikia kutoka nilipoketi, akipiga kutoka hapo nje penye pilau kwa sababu aliona haya kurudi ndani. Malkia alikuwa kwenye joto.

"Nakuja, mzee," alisema Sifaeli. "Ngoja kwanza nimbebe mtoto wangu."